Vipande vya Ripoti ya Kuku

Kra, kra, kra. Sauti ya mkasi ukila karatasi ilinifikia nikiwa bado koridoni, kikombe cha chai mkononi, kabla sijausukuma mlango wa ofisi ya shangazi. Nilijua kinachokatwa. Ilikuwa ripoti yangu.

Nasema yangu, ingawa jina la kwenye jalada lilikuwa lake. Shangazi alikuwa ametafiti magonjwa ya kuku katika kituo kile kwa miaka thelathini na moja. Macho yalikuwa yameanza kumchoka, basi mimi, mtoto wa kaka yake, ndiye niliyemwandikia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mashairi nilijifundisha mwenyewe, bila mwalimu, na sikuona haya kusema kwamba katika jengo lile hakuna aliyejua kupanga sentensi kama mimi. Hata leo sioni haya sana.

Chumba kile bado nakiona: dirisha lenye wavu uliotoboka, friji ya chanjo iliyotetemeka kama mtu mwenye homa, harufu ya pumba na dawa ya kusafishia sakafu. Siku hizi nina ofisi yangu yenye kiti cha kuzunguka. Ningeibadilisha na ile leo hii, bila kudai chenji.

Shangazi alikuwa na desturi moja iliyowatesa wote waliomfanyia kazi. Ripoti ikikamilika, aliikata sentensi moja moja, akavichanganya vipande kwenye beseni, kisha akamwita mtu asiyeijua avipange upya. Alisema hoja nzuri ina mifupa. Mfupa wa paja haukubali kukaa shingoni.

Siku hiyo alimwita dereva wa kituo, tuliyemwita Breki kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kuzikanyaga.

"Leo nalishwa karatasi, Daktari?"

"Panga, baba. Tuone kama huyu mwanangu ameandika ripoti au ameandika wimbo."

Breki alipanga, akakohoa kama mtangazaji, akasoma. Sentensi niliyoipenda kuliko zote aliiweka mwanzoni kabisa: "Waliochanjwa wamesalia, wasiochanjwa wamepotea." Mizani kumi kwa kumi! Mimi nilikuwa nimeiweka mwisho kabisa.

"Hongera, Malenga," Breki alisema. "Hata mtu akianzia mkiani, bado inapendeza."

Nilicheka kwa majivuno. Shangazi hakucheka.

"Hicho ndicho kinachoniudhi," alisema. "Hitimisho limekaa mwanzoni na hakuna sentensi hata moja iliyolalamika. Maana yake hakuna iliyolizaa."

"Shangazi, mbona liko wazi! Tulichanja kuku mia tatu na kumi na wawili dhidi ya ugonjwa wa mdondo. Baada ya miezi mitatu wamebaki mia mbili themanini na mmoja. Mia na tisini hawakuchanjwa, wamebaki sabini na sita. Unataka nini tena?"

"Kwanza punguza sauti, mimi si kiziwi. Pili, nataka kujua hao mia na tisini walikuwa kina nani."

Breki ndiye aliyejibu, akijikuna shingo.

"Si wale waliotushinda kuwakamata? Wa juu ya miti na mapaa? Nilianguka kwenye tope nikimfukuza jogoo mmoja, Malenga kasimama pembeni anaandika na kunicheka."

Ilikuwa kweli tupu. Tulifika kwenye nyumba za wafugaji alfajiri, nyumba arobaini, tone moja la chanjo jichoni kwa kila kuku. Waliolala bandani tuliwakamata kirahisi. Waliolala nje walitukimbia, nami nikaona nimepata kundi la kulinganishia bila jasho. Miezi mitatu baadaye, kuku yeyote ambaye hatukumwona niliandika ameuawa na mdondo.

"Basi waliochanjwa walilala bandani," shangazi alisema polepole, "na karibu wote wasiochanjwa walilala nje, kwenye mvua na vicheche. Umenionyesha kwamba chanjo inasaidia, au kwamba banda linasaidia?"

"Lakini kamati ya ushauri kwa wafugaji inakaa Ijumaa! Leo Jumanne. Ijumaa ndiyo siku yako ya mwisho kazini, Shangazi. Usipoiwasilisha, itakwenda na jina la mtu mwingine. Nani atawaambia habari za kuku wa kwenye miti? Watakupigia makofi, basi."

Alivua miwani.

"Nayatamani hayo makofi, usidhani siyatamani. Lakini wiki ijayo kuna mama ataambiwa asijisumbue na banda, achanje tu. Kuku wake watakufa, mimi niko nyumbani nakunywa chai."

Nilisimama. Nilitaka kuubamiza mlango hadi wavu wa dirisha udondoke. Ndipo nilipomwona shangazi. Alikuwa amekishika kile kipande cha hitimisho langu, amekisogeza karibu na macho, anakijaribu hapa na pale kati ya vipande vingine, anakitafutia mahali pa haki. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alitaka kikae. Hakikukaa. Nimesahau mengi ya kituo kile, ila mkono ule sijausahau.

Nikaketi tena.

"Kuna nyumba chache zilikataa chanjo," nilisema. "Kuku wao walilala bandani kama hawa waliochanjwa. Hao ndio wa kulinganisha nao."

"Wako wangapi?"

"Niliwachanganya na wale wengine."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui, Shangazi."

Neno hilo sikuwahi kulitamka katika chumba kile. Breki alinigeukia kama mtu aliyeona gari likijiendesha. Shangazi alivaa miwani, akangoja.

"Kesho alfajiri mimi na Breki tunarudi nyumba zote arobaini," nilisema. "Nitauliza kila kuku alikuwa akilala wapi, yupi walimwona amekufa na yupi alipotea tu. Alhamisi jioni ripoti itakuwa mezani kwako, na nitaandika nitakachokikuta, hata kikinipinga mimi mwenyewe. Nakuahidi, Shangazi."