Siku Mwalimu Pang Alipotusemea

Kwetu mtoto akifa mdogo hawekewi jiwe wala rundo la udongo, na wazazi hawaendi kumzika. Lanlan wangu alizikwa na jirani, mzee Kou, mahali fulani kwenye mteremko chini ya mashamba ya viazi. Mzee Kou naye akafa. Kisha likaja bwawa.

Makaburi yenye mawe yalihamishwa yote. Kumpata mwanangu kulihitaji vibarua wachimbe mteremko mzima kabla maji hayajapanda, na mwenye vibarua alikuwa Mkuu Lei, msimamizi wa ujenzi wa bwawa, mtu wa mjini. Tukamwalika chakula cha mchana, tukamchagua Mwalimu Pang atusemee. Nani mwingine? Akifungua mdomo, hata wabishi hutulia.

"Mama Lanlan, niachie mimi," aliniambia mlangoni.

Bata akaletwa, pombe ya mtama ikamiminwa. Mwalimu akaanza na shukrani, maana ombi halitangulii heshima. Akasifu barabara, akasifu hata hilo bwawa. Mkuu Lei akapiga meza kwa furaha.

"Mwalimu, mdomo wako ni mto unaoning'inia!"

Laiti mwalimu angeshukuru tu! Akashika kikombe akaeleza maneno hayo yalikotoka. Zamani sana, enzi za wafalme wa Jin, palikuwa na msomi kijana ambaye akizungumza falsafa watu walisahau kula, hadi ofisa mmoja akasema kumsikiliza ni kama kutazama mto ulioning'inizwa juu, unamwaga maji na haukauki. Ni sifa ya mwenye ufasaha na elimu, akasema, si ya mropokaji.

"Mimi sistahili hata tone lake," akamaliza, akiinama.

"Acha hizo, bwana! Kunywa!"

Nilisimama na sahani ya tofu. Sema basi, wewe mtu!

Dereva akaingia. "Mkuu, vibarua wako kwenye lori. Wanauliza kama kazi imekwisha."

Mkuu Lei akamgeukia mwalimu. "Kuna lingine mnalotaka?"

"Aa, hakuna, Mkuu. Tumekusumbua vya kutosha."

Kwetu ndivyo mtu anavyojibu. Unakataa kwanza, mwenzako anakubembeleza, ndipo unasema shida yako. Lakini mkuu alitazama saa, akainuka, na watu wakapiga makofi. Nilipofika nje lori lilikuwa limeshavuka daraja, na gari la mkuu nyuma yake.

"Ulisema hakuna!" nilimfokea mwalimu. "Hakuna?"

"Nilingoja aulize tena," akasema. "Mtu huulizwa tena, Mama Lanlan."

Nilimchukia, na bado namchukia.

Siku maji yalipofunika mteremko alikuja kunifariji. Alizungumza vizuri mno, hadi majirani wakalia. Mimi sikulia. Nilitazama yale maji mapana, nisijue hata niyatazame upande gani.