Mwenye Kisima cha Lopur

Februari 2013, siku ya tatu ya kuchimba, sululu ya Akiru, mfugaji wa Turkana, iligonga utosi wa mwanamke wa jiwe. Kisima kilikuwa katikati ya laga ya Lopur, mto mkavu wa mchanga, kina cha watu watatu waliosimama mabegani mwa wenzao, na mchanga ulipandishwa juu kwa karai. Akamfukua mpaka magotini. Mwanamke alikuwa amepiga magoti, viganja juu ya mapaja, vishada viwili vikining'inia masikioni. Chini ya sketi yake yakatoka maji matamu.

"Huyu ametutangulia," Akiru aliwaambia waliokuwa juu. "Kisima ni chake."

Ndivyo ilivyo Lopur: aliyechimba kwanza ndiye mwenyewe, wengine huomba. Kila asubuhi Akiru alimsalimia, "Ejok, mama," akaomba, jiwe likainua goti kidogo, mbuzi arobaini wakanywa.

Marial, mwalimu mkimbizi wa kambi ya Kakuma, alikuja na jerikeni akamtambua.

"Wa Waazteki huyu, kule Mexico. Mungu wao wa maji. Wageni walibomoa hekalu lake, mawe wakajengea kanisa. Karibu miaka mia tano sasa."

"Akaja kwa miguu?"

"Kwani mimi nilikuja na nini, mama?"

Wiki iliyofuata Levis, karani wa ofisi moja ya Lodwar, alifika na lori, vijana na minyororo.

"Kitu ya chini ya ardhi ni ya serikali, mama."

"Na kiu ni ya nani, karani?"

Vijana walicheka huku wakifunga minyororo. Mwaka uliopita, mafuta yalipopatikana kusini, Levis alizunguka na sentensi hiyo hiyo, na ilifanya kazi vizuri.

Lori lilipoondoka na jiwe, maji yote yalipanda kutoka kisimani yakalifuata, upana wa mkeka mmoja, kilomita mia na ishirini, yakaingia geti la ofisi. Kufikia jioni ua ulikuwa na nyasi.

Akiru aliswaga mbuzi siku nne akifuata unyevu. Kumi na mmoja walifia njiani. Askari wa getini aliwatazama waliobaki, akafungua.

Levis alitoka na kikombe cha chai. "Nani amekuruhusu?"

"Nikuombe wewe? Ulichimba lini?"

Akampita, akachuchumaa mbele ya jiwe. "Ejok, mama. Nimekuja na hawa waliobaki."

Goti likainuka. Mbuzi wakanywa, wakala nyasi, wakamalizia na waridi za bosi.

Levis akarudi ndani kuandika ripoti: wafugaji wa Lopur wameonekana wakinywesha, hawana shida ya maji. Ijumaa ikapigwa mhuri. Jumatatu mpango wa serikali wa kuwachimbia kisima kingine ukafutwa.

Tangu hapo watu wa Lopur huenda Lodwar kunywa. Wakifika hawamwombi Levis. Siku nne kwenda, siku nne kurudi, na nyumbani wanaingia na kiu ile ile.