Mahari ya Spana Kumi na Saba

Msinicheke kabla sijamaliza. Mimi Swalihu, muuza nguo wa soko la Majengo hapa Dodoma, niliyekulia juu ya majora ya vitambaa vya baba na babu yangu, nilioa kwa spana. Si kwa dhahabu wala kitanda cha mninga. Spana, za kufungulia nati. Na aliyetaja mahari hayo ni bibi harusi mwenyewe, kwa mdomo wake, na dini yetu imempa haki hiyo. Mwenye la kusema akaseme kwa sheikh.

Sabiha nilimjua kwa sababu ya pikapu. Zilikuwa zile zama za ruksa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, bidhaa zinaingia kutoka kila upande na kila mtu amekuwa mfanyabiashara. Nami nikanunua pikapu iliyokwishatumika huko ilikotoka, ya kubebea marobota yangu. Haikumaliza mwezi. Ikanizimikia Chang'ombe, mbele ya gereji ya mabati, na jua la saa saba linawaka. Nikashuka nikiuliza kwa sauti, fundi yuko wapi hapa? Chini ya lori ikatoka miguu miwili, kisha ovaroli, kisha mtandio uliofungwa kisogoni.

"Fundi ndiye mimi," akasema. "Na wewe, salamu umeisahau sokoni?"

Nikamsalimia vizuri. Akaanza kazi. Lakini kila nikitazama, fundi hayupo. Anakwenda gereji ya jirani kwa fundi mmoja aitwaye Thobias, anasimama mlangoni, anaomba: "Kaka, niazime spana namba kumi na saba." Thobias anamwambia asubiri, anaitumia. Anarudi, anafungua nati mbili, anairudisha, anakwenda kuomba kumi na mbili. Kazi ya saa mbili ikala mchana mzima. Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Nikamwambia, fundi gani wewe usiye na spana? Si bora ukauze vitumbua.

Hakunijibu kwa hasira. Alifuta mikono, akanieleza kama anayemweleza mteja ubovu wa gari. Baba yake, fundi Yahaya, ndiye aliyemfundisha kazi, na alikuwa na sanduku zima la zana. Alipofariki, hata arobaini haijafika, shangazi Mwanne aliliuza lile sanduku kwa wanunuzi wa chuma chakavu, likapimwa kwenye mizani. Hakuwa na nia mbaya. Aliona mtoto wa kike zana hizo atazifanyia nini. "Imebaki moja tu," Sabiha akasema, akapiga mfuko wa ovaroli. "Siku ya msiba ilikuwa humu." Spana hiyo hakumwazima mtu, na mimi hata namba yake sikuitazama, maana niliona aibu nikawa natazama chini. Sisi wauza nguo tunasema kila siku kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Siku hiyo ndipo nilipoielewa maana yake.

Baada ya hapo pikapu ikawa inaharibika mara kwa mara. Mara nyingine iliharibika yenyewe. Mara nyingine nililegeza nati kwa mkono wangu, na Sabiha alijua, kwa sababu alianza kuniuliza, "Leo umelegeza ipi?" Nilikuwa nimempenda, na ukimpenda mtu mwenye akili huna pa kujificha.

Nikapeleka posa. Jibu likaja na sharti: seti kamili ya spana, kuanzia namba nane hadi ishirini na nne, isipungue hata moja. "Sitaki tena kusimama mlangoni kwa mtu," alisema. Shangazi Mwanne, ambaye ndiye aliyekuwa akimlea, alishika kichwa. "Watu watauliza tumeoza binti au tumefungua gereji," akanilalamikia. Lakini mwenye mahari alikwisha kusema.

Mimi nikaona kazi imekwisha. Nikaenda duka moja karibu na stendi, nikaonyeshwa seti ndani ya sanduku jekundu la plastiki, kila spana imelala kwenye sponji yake, zinang'aa mpaka unaona meno yako. Nilipotaka kuondoka kwanza nikafikirie, muuzaji akanifuata hadi barabarani, akaniongezea na drili ya umeme. Nikanunua vyote. Zikiwa zimebaki wiki mbili kabla ya ndoa, nikampelekea Sabiha gereji akavione, nikiwa nimevaa shati lililopigwa pasi mara mbili.

Hakushangilia. Alichukua kumi na tisa, akainama kwenye springi za lori lililokuwa pale, akaivisha kwenye nati yenye kutu, akaikandamiza. Spana ikafungua mdomo kama mtu aliyesikia umbea. Nati ikaliwa pembe. Akachomeka drili kwenye umeme, akaigusisha kwenye bati. Iliunguruma kidogo, kisha ikatoa moshi, na gereji yote ikanuka ugali ulioungua. Thobias alicheka mpaka akakaa chini.

Sabiha akarudisha kila kitu sandukuni, taratibu. "Swalihu, ukiletewa khanga za jumla, unafanyaje kabla hujanunua?"

"Nazisugua. Nalowesha ncha nione kama rangi inachuja. Navuta uzi."

"Na hizi ulizifanyaje?"

Kitambaa nanunua kwa vidole, spana nilinunua kwa macho. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kile kilijitembeza hadi barabarani nisishtuke. Nikamuuliza kwa unyonge kama mahari yanaweza kubadilishwa. "Mahari ni yale yale," akasema. Nilitaka kukasirika nikashindwa. Nilizidi kumpenda kwa sababu hakulegea.

Wiki iliyofuata Thobias, baada ya kunicheka vya kutosha, akanisaidia. Akaniambia huko Gulwe, kwenye njia ya reli, kuna mzee aitwaye Silvano, aliyekuwa fundi wa malori katika shirika moja la usafirishaji lililokufa. Siku ya kufunga karakana walimwachia zana zake. Wa chuma chakavu wakimfuata anawafukuza kwa fimbo.

Nikapanda treni. Gulwe nilimkuta mzee Silvano nje kwake, anatengeneza mashine ya kusaga, uso ameuelekeza pembeni na mikono ndiyo inayotazama. Macho yake yalikuwa na ukungu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chuma chakavu hapa hakuna."

"Sitafuti chakavu. Natafuta spana za kufanyia kazi."

"Wewe ni fundi?"

"Hapana, mzee. Namuoa fundi."

Akaacha kazi. Akataka nieleze, nikaeleza yote, mpaka ile drili, kwa sababu niliona huyu hadanganyiki. Alicheka kwa kukohoa. Kisha akasema zana zake hampi mtu wa kuziweka sebuleni. Akaingia ndani, akatoka na gunia, akalimwaga mchangani: spana nyeusi, nzito, zimekula mafuta ya miaka. Akazifunika na gunia lile lile.

"Mimi sioni namba tena, na kazi naifanya," akasema. "Shika nati ile ya mashine. Kisha ingiza mkono humu unitolee spana yake. Bila kuchungulia. Ukikosea, treni ya kurudi unaijua."

Nikaishika nati kwa kidole gumba na cha shahada, nikaizungusha, nikaisugua kama ninavyosugua pindo la kitenge nikitafuta uzi uliolegea. Vidole hivi vimenilisha tangu utotoni. Gizani naweza kukuambia ipi khanga ya pamba tupu na ipi imechanganywa. Nikaingiza mkono chini ya gunia, nikapapasa midomo ya spana mmoja mmoja. Moja ilikuwa pana mno, moja ikabana kidole. Ya tatu nikaitoa, nikaivisha. Ikakaa kwenye nati bila kucheza hata kidogo. Mzee akaigusa, akaitikisa, akatikisa kichwa chake pia kwa kukubali.

"Muuza nguo," akasema, "mkono unao. Uliupeleka wapi siku ile dukani?"

Tukapatana hapo hapo. Akaniongezea keke ya mkono, ile ya kutobolea kwa kuzungusha, akasema hiyo haijui mgawo wa umeme, ni zawadi ya bibi harusi. Ndipo aliponiambia jambo lililonikata maini: seti ni pungufu moja. Kumi na nne ilimponyoka mtoni, mto Kinyasungwe ulipojaa, akiwa amelala chini ya lori lililokwama.

Nilirudi Dodoma nikiwa na spana kumi na sita na siku nne tu kabla ya ndoa. Nilizunguka kila duka. Kumi na nne zilikuwepo, zote zinang'aa. Sasa nilikuwa nazijua: nazipima mkononi, nazigonga chini, zinalia kama kifuniko cha sufuria. Thobias, ya kwake, hakukubali kuiuza hata kwa kumlilia. Sabiha naye alikuwa ndani, mwali, anasingwa liwa, haruhusiwi kuonana nami, na kumtuma shangazi Mwanne ni sawa na kutangaza msikitini.

Nikakaa na cherehani. Nikashona mkoba wa turubai wa kukunja, wenye mifuko kumi na saba, kutoka mwembamba hadi mpana. Kumi na sita nikaijaza. Mfuko wa namba kumi na nne nikauacha wazi. Kumdanganya kwa chuma kibovu mara ya pili sikuweza, hata kama ndoa ingevunjika. Nilikuwa na hofu kweli.

Ijumaa, baada ya alasiri, tukakaa mikekani barazani, sheikh mbele yangu, baba yake mkubwa Sabiha pembeni, ndiye walii. Mkoba ukapelekwa ndani. Sheikh akasema tusubiri bibi harusi aridhike na mahari yake. Kati yetu na wanawake lilikuwepo pazia la dirisha tu, na kila kitu kilisikika. Shangazi Mwanne akaanza kusoma namba, kwa sauti ya mwalimu wa chekechea.

"Nane. Tisa. Jamani, nyeusi hizi. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu."

Tukasikia akipapasa turubai.

"Kumi na tano. Mwanangu, kumi na nne haipo. Mfuko mtupu."

Barazani wote walinigeukia. Sheikh akaacha kuvuta tasbihi. Nikasema, na sauti yangu siijui ilitoka wapi, "Haipo, sheikh. Nimeikosa. Zilizoko madukani zinafunguka mdomo, nisingempa." Walii akatazama vidole vya miguu yake. Nikahesabu pumzi zangu.

Ndani, Sabiha akasema, "Shangazi, nipe ovaroli yangu."

Wanawake wakanong'ona. Ovaroli chumbani mwa bibi harusi. Bangili zikalia, kitambaa kikachakarika, kisha ukasikika mlio mmoja mfupi wa chuma kugonga chuma.

"Seti imetimia," Sabiha akasema. "Soma tena, shangazi. Tangu mwanzo."

Shangazi Mwanne akasoma tena. Nane, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Hapo akasita. Sote kwenye mikeka tuliegemea dirishani, sheikh pia.

"Kumi na nne," akasema, na sauti ikamvunjika katikati. "Hii ya kaka yangu."

Akalia kidogo, akapenga kamasi, akaendelea bila kuruka hata moja hadi ishirini na nne. Alipofika mwisho, kigelegele cha kwanza kilitoka kwake. Sheikh akanishika mkono akaniozesha, na mimi nikaitikia huku nikicheka na machozi yananitoka, hata ikabidi nirudie.

Ile kumi na nne ni ndefu kuliko wenzake kwa pingili moja ya kidole, na inachungulia mfukoni mpaka leo. Siku hizi Thobias ndiye anayesimama mlangoni kwetu. Sabiha anampa anachotaka, hata keke ya mzee Silvano. Kumi na nne tu ndiyo anamwambia anaitumia.