Bi Harusi Anajipamba Tena

Jumamosi asubuhi, birika likiwa ndiyo kwanza limeanza kunguruma, sauti ya mwanamke ilitoka ukutani, laini kama ya mhudumu wa benki: "Sasisho jipya linapakuliwa. Tafadhali subiri."

Birika likanyamaza. Taa za jikoni zikapepesa mara mbili, zikazimika. Jiko, lililokuwa na mayai juu yake, likatoa mlio mmoja mfupi na kufa.

Muuguzi alifumba macho, sahani mkononi. Mara ya tatu wiki hii. Na ya tatu yenyewe ikangoja leo!

"Bi Harusi anajipamba tena," alisema baba yake kutoka mezani, bila hata kugeuza kichwa.

Ndilo jina aliloupa ule mtambo tangu binti yake alipoufunga nyumbani mwaka jana. Mlango, jiko, birika, taa na friji, vyote viliamriwa kwa mdomo, kwa kuwa macho ya baba yalikuwa yamekwisha kuzimika. Ulikuwa msaada mkubwa, mpaka ulipoanza tabia ya kujisasisha. Kila baada ya siku mbili tatu waliouunda, huko waliko, waliona kuna kitu cha kurekebisha, na kila walichokirekebisha kiliharibu kingine. Wiki iliyopita jiko liliacha kuelewa "zima". Likataka liambiwe "simamisha". Kabla ya hapo friji ilianza kutangaza hali ya hewa kila ilipofunguliwa. Muuguzi alishapiga simu kwa kampuni mara nyingi hadi akauhifadhi muziki wao wa kusubirishia.

Siku nyingine angecheka. Lakini leo Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa amekaa kwenye kochi, mkoba magotini, kama msimamizi wa mtihani. Jumatatu muuguzi alikuwa anahamia hospitali nyingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, na Shangazi alikuwa ameweka sharti lake: akikuta kitu kimoja tu kimekwama, mdogo wake anaondoka naye leo leo.

Begi la nguo lilikuwa tayari nyuma ya kochi. Muuguzi alilifunga mwenyewe jana, na tangu hapo alikuwa akikwepa kumtazama baba usoni, kana kwamba angemwona.

Baba hakuwa na shida na kitanda cha Shangazi. Shida ilikuwa meza. Pale dirishani ilikaa meza yake ya kazi, yenye vikopo vya skrubu vilivyopangwa kwa ukubwa. Kwa miaka arobaini alikuwa fundi saa, na wateja walimwita Sekunde. Macho yalipoondoka masikio yalibaki, na watu waliendelea kumletea saa zao za ukutani. Aliziegemeza shavuni, akazisikiliza, kisha akasema ni gurudumu gani limelika jino. Kwa Shangazi meza ile haikuwa na pa kukaa. Palikuwa na televisheni.

"Haya, ndiyo hayo," alisema Shangazi. "Mtu mzima anasubiri ruhusa ya ukuta ili anywe chai. Na angekuwa peke yake je?"

"Ningesubiri chai, dada. Wewe taa zikizimika ndiyo unapata tabu. Mimi sikujua hata kama zilikuwa zinawaka."

"Usinichekeshe, sijaja kucheka."

"Kwa hiyo umecheka."

Shangazi alikohoa kuficha kicheko.

Dakika kumi zilipita. Ukuta ukatangaza: "Sasisho limekamilika. Furahia maboresho."

"Maboresho!" muuguzi alifoka. "Baba, kaa, nitakagua mimi."

"Acha, mwanangu. Kazi yangu hiyo."

Alisimama. Muuguzi alijua kitakachofuata, maana alikiona kila mara na kila mara kilimgusa. Tangu ujana baba hakuwahi kumrudishia mteja saa aliyoifungua kabla ya kuisikiliza dakika moja nzima, na nyumba hii aliitendea vivyo hivyo. Alianza na friji. Aliweka kiganja ubavuni mwake, akangoja mtetemo, akatikisa kichwa kukubali. Birika aliliamuru, likaitika.

Jiko likagoma.

"Washa jiko," alisema. Kimya. "Jiko, washa." Kimya. Shangazi aliinua mkono kutazama saa yake. Baba alikuna kidevu. "Tafadhali washa jiko."

Jiko likawaka.

"Ameanza kutaka adabu," alisema baba kwa furaha. "Vizuri. Nilikuwa namwamrisha kama mtumwa."

Muuguzi alijikuta anatabasamu. Yeye angekuwa ameshalipiga jiko teke na kuilaani kampuni na vizazi vyake. Mtu huyu kila baada ya siku chache aliharibiwa nyumba yake, na kila mara aliisoma upya, kitu kwa kitu, bila kununa.

Ulibaki mlango. Baba aliukaribia, akainamisha kichwa. "Funga mlango."

Kitasa kikazunguka, ulimi wake ukatoka. "Mlango wa mbele umefungwa," ilisema sauti. Kwenye simu ya muuguzi alama ya kijani ilitokea.

"Angalau huo," alisema Shangazi. "Mlango ndio niliouogopa zaidi."

"Fungua. Funga tena," aliagiza baba. Kitasa kikatii. Akasikiliza, kichwa kikiwa upande. "Haujafungwa."

"Baba, simu inasema umefungwa."

"Simu inasema ilichoambiwa na kitasa, na kitasa kinadanganya. Gurudumu la mle ndani huusukuma ulimi kwa meno kumi na moja. Leo yamegonga tisa. Ulimi umefika mdomoni mwa tundu, haujaingia."

"Wewe unahesabu meno ya mlango?" aliuliza Shangazi.

"Kila siku. Uvute."

Shangazi aliinuka, uso umejaa ubishi, akakishika kishikio na kuvuta kwa nguvu zote, kama mtu anayejua hautafunguka. Ukafunguka. Alirudi nyuma hatua tatu na kukaa kitako juu ya begi la nguo za mdogo wake.

Hakuna aliyecheka. Nje mpita njia aliwatazama, akaendelea na safari yake.

"Sasisho limesahau kipimo," alisema baba taratibu. "Mwanangu, tafuta humo kwenye simu mahali pa kukifundisha upya."

Muuguzi alitafuta mpaka akaona: *Pima mlango upya*. Akabonyeza. Ulimi ulitoka, ukarudi, ukatoka tena. Baba akainua kidole: kumi na moja. Safari hii Shangazi alivuta hadi mishipa ya shingo ikamtoka, na mlango haukutikisika.

Alibaki ameshika kishikio.

"Mwanangu," alisema bila kugeuka, "kile kitasa ulichonifungia mimi si pacha wa hiki?"

"Ni pacha wake, Shangazi."

"Changu kilijipamba Jumanne." Alihesabu kwa vidole. "Siku nne! Nalala nimechomeka chandarua pande zote mbu asipenye, na mlango uko wazi kama soko!" Akamgeukia mdogo wake, na ule usimamizi wa mtihani ulikuwa umemtoka wote. "Sekunde, hebu twende ukanisikilizie."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina la wateja.

"Nitakuja kama fundi," alisema baba. "Nikimaliza narudi kwangu."

"Urudi, nani amekuzuia? Twende tu."

Muuguzi alilivuta begi, akatoa mashati, akatoa viatu, akatoa ile sweta aliyoikunja jana huku akilia. Baba aliweka ndani bisibisi mbili na kitambaa cha kufutia.

Nje, mlango ulipojifunga nyuma yao, muuguzi alijaribu kuhesabu.

"Kumi, Baba. Nimesikia kumi!"

"Jino la kwanza mlio wake ni mwepesi," alisema baba, akimshika mkono ili amwongoze. "Una siku mbili za kulizoea kabla hujaenda. Mayai umeyaacha jikoni?"

Alikuwa ameyaacha. Baba akaugeukia mlango, akaomba kwa adabu zote afunguliwe.