Upole wa Mama Sindano

Mtaani walimwita Mama Sindano, na si kwa sababu ya cherehani peke yake. Ulimi wake ulichoma. Aliyechomwa zaidi ni mkaza mwana wake, mwanamke aliyepiga pasi kwa dobi kutwa nzima, akarudi nyumbani na miguu iliyovimba, ndipo aambiwe chumvi imezidi, shuka halikunyooka, mtoto wa watu hakufundwa kwao.

Siku moja bibi huyo aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Akapasuliwa, akawekewa chuma, na kesho yake akawagombeza wauguzi mmoja baada ya mwingine. Kisha akatulia.

Mkaza mwana alimkuta hivyo alasiri moja alipotoka kazini na chupa ya uji. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa amekaa kando ya kitanda akipiga miayo. Bibi akafunua kinywa polepole, akanywa kidogo, akasema, "Ahsante, mwanangu."

Mwanangu! Tangu aolewe hajawahi kuitwa hivyo. Akachota kijiko kingine.

"Umesikia?" mume akanong'ona. "Ulimi umepata likizo. Acha nasi tupumue."

Muuguzi naye alipita mbio akielekea kitanda cha jirani, ambako mgonjwa mwingine aling'oa mrija wa maji huku akiwaita mbuzi wake kwa majina. "Bibi yenu hana shida," alisema. "Laiti wote wangekuwa kama yeye."

Basi mkaza mwana akakaa. Alichoka mpaka kwenye mifupa, na kimya kile kilikuwa kitamu kama kivuli cha adhuhuri. Lakini macho hayana pazia. Aliona vidole vya bibi vikichuna shuka, vikiokota nyuzi zisizokuwepo. Aliona uji ukimdondoka kidevuni naye asifute. Akaona, mwishowe, kwamba gauni la hospitali limevaliwa nje ndani, mishono yote juu. Huyu ndiye Mama Sindano aliyewahi kuondoka harusini kwa sababu pindo la bibi harusi lilikwenda upande.

Akajiambia, ni uzee tu. Akajiambia, ngoja kesho. Alitaka jioni moja tu ya kuitwa mwanangu.

Daktari alipoingia, mwanamke mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, aliuliza mgonjwa anaendeleaje.

"Nafuu kubwa," mume akajibu.

Daktari alikuwa ameshageuka kwenda zake. "Daktari," mkaza mwana akasema, "huyu siye yeye."

"Mke wangu, mama amepumzika, nawe unatafuta maneno!"

"Hajamtukana mtu tangu nifike. Gauni liko nje ndani, wala halimkeri. Mama yako huyu?"

Mume akalitazama gauni. Daktari akavuta kiti.

"Alianza lini kuwa hivi?"

"Mume wangu anasema ni tangu jana. Leo asubuhi alijibu vizuri, sasa anasinzia tena."

Daktari akamshika bibi mkono. "Bibi, nitataja herufi. Kila ukisikia A, nibane." Bibi akabana mara moja, kisha mkono ukalegea, herufi zikapita kama watu wasiofahamiana naye. Akaombwa ataje siku za wiki kinyumenyume. "Jumapili," akasema. "Jumamosi…" Akatazama ukutani. "Wateja wamejaa mlangoni, wafungulieni."

"Si wazimu, wala si uzee," daktari akawaambia. "Akili imevurugika ghafla, na kuna kinachoivuruga. Anayepiga kelele tunamkimbilia. Anayeweweseka kimyakimya tunamsifu kwa upole." Akambonyeza tumbo chini ya kitovu, bibi akakunja uso. Kibofu kilijaa mkojo usiotoka. Akaagiza awekwe mpira wa kutoa mkojo, akafuta vidonge vya usingizi alivyoanzishiwa, akataka miwani ya bibi iletwe kutoka nyumbani na mtu anayemfahamu akae karibu.

Hakupona kama taa iwashwavyo. Saa hii alikuwepo, saa ile alikuwa sokoni au kwenye msiba wa zamani. Mkaza mwana alitoka kwa dobi akaenda wodini, akatoka wodini akaenda kwa dobi, na kila mara akamwambia bibi ni siku gani, wako wapi, yeye ni nani.

Alasiri nyingine bibi alimtazama sana kupitia miwani.

"Nilikuwa nawasikia," alisema. "Mnacheka, mnasema nimepoa. Nami nilikuwa kama niko chini ya maji. Nataka kuita, sauti haiji. Niliogopa, we mwanamke. Kila ukiondoka niliogopa."

Mkaza mwana akamfunika miguu.

"Usikae kule mbali," bibi akasema. "Sogea hapa. Na ukilala, usinikoromee."

Akasogeza kiti, akalaza kichwa pembeni mwa godoro. Hakusikia aliyosema bibi baada ya hapo, kama alisema. Mume alipokuja kumpokea zamu aliwakuta wote wawili wamelala, akasimama pale na chupa ya uji mkononi, asijue amwamshe nani.