Pua ya Anti Peres

Uji wa sabuni uliganda ghafla, mwiko ukasimama wima katikati ya sufuria kana kwamba umepandwa. Anti Peres aliuachia mpini, akanitazama.

"Caren, hii mafuta umetoa wapi?"

"Ni ile ya kila siku, Anti."

Nilimdanganya mtu asiyeweza kunusa. Korona ilipompata, homa ilishuka lakini pua haikurudi. Mwanamke aliyekuwa akitambua mchaichai na lavenda tangu mlangoni alibaki na mikono yake, macho yake, na mimi. Katika chumba chake cha kupikia sabuni huko Kangemi mimi ndiye niliyemnusia. Nilisema, akaamini.

Asubuhi hiyo alikuwa amenituma mjini kununua mafuta ya lavenda kwa muuzaji wake wa miaka yote. Nilikuta duka limefungwa. Kwenye ngazi za jengo la jirani, mama mmoja alikuwa akiuza chupa zisizo na maandishi. Nilinusa moja: lavenda, ndiyo, ila nyuma yake kulikuwa na ukali uliokwaruza koo. Niliogopa kurudi mikono mitupu, nikainunua. Sabuni yenyewe ilikuwa ya mteja wetu Janice, wa mtaa wa Jamhuri, ya kumwogeshea mtoto wake mchanga na kuwagawia wageni watakaokuja kumwona.

Peres alilibonyeza donge kwa kidole chenye glavu.

"Lavenda yangu hunipea nafasi ya kumwaga hadi boksi ya mwisho, na bado nipanguse meza," alisema taratibu. "Hii imenikimbia. Ulinusa nini?"

Nikamweleza yote: duka, ngazi, chupa, ule ukali. Nilizungumza nikiitazama sakafu.

"Sasa hata mimi nimenusa," alisema.

"Anti, si tuikandamize tu kwa boksi? Itashika."

"Itashika. Halafu itamgusa mtoto."

Alivua glavu, akampigia Janice simu.

"Janice, sabuni yako nimeiharibu. Mafuta ilinishinda. Nikianza upya leo, itakauka baada ya siku ya wageni wako."

Nilisubiri jina langu. Halikutajwa. Sauti ya Janice ilipanda, ikashuka, kisha ikasema angetafuta sabuni kwingine. Peres alimshukuru, akamtakia mtoto afya njema.

Miaka minne imepita. Sasa nina jiko langu la sabuni huko Woodley, na nimewafundisha wanawake wengi kupima magadi makali bila kujiunguza. Simu ile bado sijui mtu huifundishaje.

Siku ile, baada ya simu, tulikwangua sufuria pamoja, kila mtu upande wake.

Jumatatu alinituma mjini tena. Hakuniusia neno. Niliporudi na lavenda, aliifungua chupa, akaileta chini ya pua yangu, akangoja.

Nilinusa mara ya kwanza, nikanusa tena nikiutafuta ule ukali, kabla ya kumjibu.