Siku Mia Nne na Kumi na Mbili Bila Ajali

Jumanne asubuhi, saa tatu kasorobo, fundi jukwaa, mfunga mabomba ya kupandia mafundi, alianguka kutoka juu ya nguzo ya tano ya daraja, mita thelathini na moja, akatua kwenye rundo la mbao. Alilala pale muda wa kutosha wenzake kuvua kofia zao. Kisha akainuka, akajipangusa vumbi, akauliza spana yake imeangukia wapi.

Daktari wa kambi alimpima mapigo ya moyo mkono huu na mkono ule, hakuyapata. Fomu ilitaka namba ya ajali, na ajali haikuwa na namba, kwa kuwa kibao cha getini kilisema: SIKU 412 BILA AJALI. Daktari akakuna kidevu, akaandika: Anafaa kwa kazi.

Kampuni ilikuwa ya kimataifa. Ilijenga madaraja na mabwawa katika nchi kumi na tisa, na makao makuu yalikuwa yameahidi kwamba mradi utakaotangulia kufikisha siku mia tano ndio utakaopewa bwawa jipya. Kesho yake kibao kilisoma 413.

Jioni ile ya Jumanne fundi alimkuta mkewe akianua nguo.

"Mama watoto, leo nimekufa."

Mkewe alimgusa shingo. Ilikuwa baridi kama bomba la chuma. "Pole, mume wangu. Uliumia?"

"Hata. Ilikuwa ghafla."

Mkewe akakaa kizingitini, akalia. Kisha akaondoka kumalizia kuanua, maana mawingu yalikuwa yametanda.

Kazini fundi alisifiwa. Upepo haukumyumbisha, wala hakuhitaji mkanda wa usalama wala chakula cha mchana. Lakini alikuwa amechoka, uchovu ambao kitanda hakikuutoa. Siku ya mapumziko kaka zake walimchimbia kaburi. Akashuka, akajilaza kwa adabu, wakaanza kufukia. Kila koleo la udongo lililoingia shimoni lilipanda lenyewe likarudi kwenye lundo. Walifukia hadi saa kumi. Kaka mkubwa akatupa koleo.

"Ardhi nayo inataka karatasi," alisema. "Toka, bwana mdogo, utashikwa na mafua."

Ndipo mkewe akaenda kumwona ofisa usalama, mwanamke kijana aliyekaa kwenye kontena karibu na geti.

"Mdogo wangu, sikuja kugombana. Mume wangu anataka kupumzika."

"Shemeji, nilimwona akianguka kwa macho yangu. Ripoti nimeandika. Wameirudisha mara nne, wanasema ina makosa ya tahajia."

"Basi mimi nimfanyeje? Kumlilia siwezi, yupo. Kukaa naye kama mume siwezi, hayupo."

Ofisa usalama alisimama. Akachukua stuli, akatoka nayo hadi kwenye kibao, akang'oa tarakimu 471, akatundika sifuri.

Uwanjani, fundi aliweka chini bomba alilobeba, akaketi akiegemea gurudumu la winchi. Mwili wake ulipata uzito. Makalio yakazama mchangani. Mkewe alikimbia, akampakata kichwa.

"Inakuja," alisema fundi, macho yakifumba. "Tamu kama usingizi wa mchana."

Mkewe alikuwa amekwisha kufungua kinywa amlilie mumewe, meneja alipotoka ofisini. Hakuwa mtu wa makelele. Alimwamkia kila mmoja, akamgeukia ofisa usalama.

"Dada, saa sita tuna wageni kutoka makao makuu, na kibao kina kosa."

Akapanda stuli mwenyewe, akarudisha 471, akainyoosha ile moja iliyokaa upande.

Fundi akafumbua macho. Alimtazama mkewe kama mtu aliyeamshwa bila sababu, akanyanyuka, akaokota bomba.

Ofisa usalama alihamishiwa stoo ya glavu. Siku mia tano zilitimia, bwawa likapatikana, na orodha ya mafundi wa kupelekwa nchi jirani kulijenga ikabandikwa. Jina la fundi jukwaa lilikuwa la kwanza.

Mkewe alimfungia begi. Aliweka sweta.

"Sisikii baridi tena," fundi alimkumbusha.

"Najua. Vaa tu, watu wasikuone huna mwenyewe."

Alimsindikiza hadi kwenye lori, akasimama mpaka vumbi likatulia, akarudi kuwapikia watoto.

Lori lilisafiri siku mbili. Kwenye kambi mpya, wakati wengine wakipanga foleni ya chakula, fundi aliona benchi nje ya bweni la mwisho. Wanaume saba walikuwa wameketi wima, kila mmoja na kofia magotini, na hakuna kifua kilichopanda wala kushuka. Mzee kati yao alimtazama kifua, kisha akawasogeza wenzake kwa kiwiko, ikapatikana nafasi.

"Karibu, ndugu yetu," alisema. "Wewe ulikuwa mradi gani?"